Mto Mmoja, Jina Moja

Jumatatu, 17 Machi 1958. Nakuru.

Bwana Pelling amenipa madaftari mawili leo. La kwanza ni la majina ya mito. La pili, anasema, ni la akiba. Hili la akiba nimelichukua mimi, maana lile la kwanza haliruhusiwi kuandikwa lalamiko lolote, nami najijua.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna mto unaotoka msitu wa Mau, huko juu nyuma ya Olenguruone. Unashuka nchi ya Wamaasai, unavuka mpaka kuingia Tanganyika, halafu unamwagika ziwani upande wa Musoma. Wenzetu wa Dar es Salaam wamekwisha kuchora upande wao, nao wameuandika Mara. Upande wetu karatasi bado nyeupe. Mimi, Micah arap Rono, karani wa majina katika ofisi ya ramani, natakiwa niwaulize wenyeji mto huu unaitwaje, niandike kwenye fomu, wabonyeze kidole gumba, tumalize. Sheria ya Bwana Pelling ni fupi: mto mmoja, jina moja. Jina likibadilika njiani, karani aeleze ni wapi na kwa nini.

Zeddy, mke wangu, ameuliza nitakuwa huko kwa muda gani. Nimemwambia wiki mbili. Amecheka, akaendelea kukunja shati langu.

Jumatano, 19 Machi.

Mvua imeanza. Paa la jikoni linavuja palepale pa mwaka jana.

Jumamosi, 22 Machi. Kambini, mbele ya Olenguruone.

Kutoka Nakuru mpaka hapa tumesimamishwa mara tatu. Dereva wetu ni Waithaka, na Waithaka ni Mkikuyu, kwa hiyo katika hali hii ya hatari kila kizuizi lazima kipande chake, cheti cha kusafiria, kisomwe ukurasa kwa ukurasa. Askari wa Molo alikisoma kichwa chini miguu juu, na bado akachukua robo saa. Bwana Pelling alikaa ndani ya Landrova akitazama saa yake. Nilitaka kushuka nikakigeuze kile kipande mwenyewe, lakini Waithaka akanishika mkono.

"Wacha, karani. Huyu akimaliza ataturuhusu. Ukimfundisha kusoma, atarudi mwanzo."

Tulipopita Olenguruone Waithaka alitazama barabara tu. Mama yake alikuwa mmoja wa wale Wakikuyu waliohamishwa pale na Serikali mwaka wa hamsini.

Jumanne, 25 Machi.

Maili nane, majina sita! Nimetembea kwenye matope toka asubuhi, kila boma naambiwa jina lingine, na kila mwenye boma ananitazama kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. Chini kule wanasema Amala. Ukipanda kidogo ni jina la mwenye kivuko. Ukipanda tena ni jina la mwenye kivuko kinachofuata. Huku kila kipande cha mto huitwa kwa jina la mtu wa kwanza kunywesha ng'ombe pale, na mtu huyo hata kama alikufa miaka hamsini iliyopita, kipande ni chake.

Nilimwambia mzee mmoja, "Mzee, nataka jina la mto mzima."

"Mzima?"

"Ndiyo. Toka chemchemi mpaka Tanganyika."

Akafikiri sana, mpaka nikatoa kalamu. "Mtu wa kutumia mto mzima ni nani?" akauliza. "Mimi nanywesha hapa tu."

Nimeandika majina sita. Bwana Pelling ameyafuta matano.

Ijumaa, 28 Machi.

Leo nimemaliza kipande cha juu kabisa, na namshukuru Mungu. Mvua ilitupiga toka saa mbili asubuhi. Karibu na chemchemi msitu unafunguka, pana uwanja wa nyasi na boma moja. Nilimkuta bibi mmoja peke yake, Kogo Chelangat (kogo kwetu ni bibi), akikamua ng'ombe aliyebaki huku mvua inamnyeshea mgongoni. Wanaume walikuwa wamepeleka wale wengine kulamba udongo wa chumvi.

Nilimwamkia vizuri, nikamweleza habari ya ramani. Halafu nikauliza mto huu unaitwaje.

"Hii ni mto ya hapa," akasema.

"Ndiyo, kogo. Jina lake?"

"Ile tunakunywa."

"Kogo, kila mto una jina."

"Iko jina. Ngoja wanaume. Jioni watakuja, watakuambia."

Jioni! Bwana Pelling alikuwa ndani ya gari na homa, Waithaka alikuwa anapiga honi, na mimi viatu vyangu vilikuwa vimejaa maji. Nikamwambia sina nafasi ya kungoja jioni, Serikali inataka jina sasa. Akainama, akatazama ndoo yake. Nikauliza tena. Nikauliza mara ya nne, na sauti yangu, nakiri, haikuwa ya mtu anayezungumza na bibi yake.

"Basi andika mto ya mawe," akasema, "kama lazima uandike kitu."

Nikaandika kwa Kikipsigis, Ainabkoi, maana yake hiyohiyo. Akabonyeza kidole gumba. Bwana Pelling akasema ni jina zuri, fupi, linaingia kwenye nafasi. Kila mto wa nchi hii una mawe, lakini hilo si shauri langu.

Jumatano, 2 Aprili.

Landrova imezama mpaka mlangoni. Tumelala njaa.

Jumatano, 9 Aprili. Nakuru.

Tumerudi, karibu wiki moja zaidi ya nilivyomwahidi Zeddy. Juu ya meza kuna barua ya Dar es Salaam. Wanataka mto uitwe Mara mpaka kwenye chemchemi, kwa kuwa kwao ndiko unakoishia na kwao ni mkubwa. Bwana Pelling amekuwa mwekundu. Ameniamuru nipige chapa jibu kwamba mto huanzia unakoanza, hauanzii unakoishia. Nimelipiga chapa mara tatu, maana kila mara aliongeza neno kali, halafu akalitoa.

Jumatatu, 21 Aprili.

Wamekubaliana. Mara itafika mpaka pale mto mwingine unapokutana nao, juu yake Amala, na juu kabisa Ainabkoi. Barua kumi na moja kwa jambo ambalo watu wa kule walishalimaliza kabla ya wazungu wote kuzaliwa. Mchoro wa kwanza umetoka. Ni mzuri, lazima niseme. Nakala zimepelekwa kwa maofisa wa wilaya, na moja kwa Bwana Msitu mpya, ofisa wa misitu.

Jumamosi, 3 Mei.

Mvua. Zeddy amefua, hakuna kilichokauka.

Jumatatu, 12 Mei.

Nilipofika ofisini leo asubuhi nilimkuta Kogo Chelangat ameketi barazani, miguu imevimba. Alikuwa ametembea kutoka kwake hadi Molo, siku mbili, ndipo akapanda gari la moshi. Alinitambua kabla sijamtambua.

Akatoa kifuko cha ngozi shingoni, na ndani yake barua. Ni ya mwaka 1936, imeandikwa na bwana msitu wa wakati huo. Inasema Kiptalam na watu wa nyumba yake wanaruhusiwa kukaa na kulisha ng'ombe arobaini kando ya mto Kiptalam, toka chemchemi mpaka kivukoni, maadamu wanakaa kwa amani. Barua safi, ina muhuri.

Sasa huyu Bwana Msitu mpya anapitia ruhusa zote za zamani, na anazilinganisha na mchoro wetu. Ametafuta mto Kiptalam, hakuuona. Ameona Ainabkoi. Kwa hiyo amesema barua hii ni ya mahali pengine, si ya pale, na nyumba nzima ya Kogo Chelangat, watu kumi na mmoja na ng'ombe wao, iwe imetoka msituni tarehe kumi na tano Juni.

"Kogo," nikasema, "mto ulikuwa unaitwa Kiptalam?"

Akageuza uso, akatazama barabara.

"Ulikuwa unaitwa hivyo, ukaniambia mto wa mawe?"

"Nilikuambia ungoje wanaume."

"Kwa nini hukusema tu? Neno moja!"

Alikunja barua yake, akairudisha kifuani. Nilimpa chai na nauli ya kurudi Molo, nikamwahidi nitatengeneza, nikarudi mezani kwangu nimekasirika. Mtu anabomolewa nyumba kwa sababu ya neno moja, na neno lenyewe analijua!

Jioni nilimsimulia Zeddy, kwa sauti, huku nazunguka jikoni. Aliendelea kuchambua mboga. Nilipomaliza akauliza, "Huyo Kiptalam ni nani wake?"

"Baba ya bwana yake, kwa ile barua. Alikufa zamani."

Akaweka mboga chini. "Micah, baba yako anaitwa nani?"

"Unajua anavyoitwa."

"Najua. Umenisikia nikilitaja?"

Miaka sita ya ndoa. Mzee wa Njoro. Babu ya watoto. Yule wa kwa wazungu wa ngano. Hata siku moja hajamwita kwa jina lake, na mimi sikuwahi kuliona hilo, kama vile mtu asivyoona ukuta wa nyumba yake.

Na kinachoniuma ni kwamba nalijua jambo hili. Silijui kwa kusimuliwa. Mama yangu hakumtaja babu mpaka anakufa. Mke hatamki jina la baba mkwe, ni hivyo tu kwetu, hata mtoto mdogo anajua. Kama ningekuja pale kama mtoto wa watu, ningengoja jioni bila kuambiwa. Lakini siku ile nilikuja kama karani.

Jumatano, 14 Mei.

Nimemweleza Bwana Pelling. Alisikiliza vizuri, simlaumu. Lakini yeye na sheria zake! "Micah, watu mingi nataka kubadilisha jina ya mto kwa sababu ya shamba. Kila siku iko mtu. Kwa hiyo yule ametoa jina, yeye tu anaweza kuondoa. Hapana mtoto yake, hapana jirani. Yeye mwenyewe, kwa mdomo yake, mbele yangu."

Nikamwambia mdomo wake ndio shida.

"Neno moja, Micah," akasema. Yaleyale niliyomwambia kogo mimi.

Bwana Msitu amekubali kuja kivukoni tarehe nne Juni. Kogo akilitaja jina, fomu ya zamani itafutwa. Asipolitaja, anahama.

Jumanne, 20 Mei. Kwa Kogo Chelangat.

Nimekuja kwa ruhusa ya siku mbili, Waithaka akinileta pamoja na mifuko ya unga ya kambi nyingine. Mwanawe mkubwa, Kipsang, alikuwepo. Nilipoeleza, alicheka kwa hasira.

"Kiptalam! Si mimi nimesema? Kiptalam! Niandike mimi, niweke vidole vyote kumi!"

Mama yake akaondoka kibandani, akaenda kusimama nje mpaka mwanawe alipokwisha kusema.

Nilimfuata. Nilikuwa nimejitayarisha njia nzima. Nilimwambia Mungu anaona moyo. Nilimwambia hata wake za wachungaji wa kanisa siku hizi wanataja. Nilimwambia ataje polepole, mimi nitasimama karibu, wazungu watasikia na ng'ombe hawatasikia. Nilimwambia wajukuu wake watalala wapi.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza, kogo."

"Bwana yangu alikufa nikiwa na watoto wawili tu, wadogo sana. Ndugu zake walitaka kugawa ng'ombe. Huyu mzee alisimama hapa, hapa kwa mlango, akasema nyumba ya huyu mama haiguswi. Mpaka leo hawajagusa. Siku amekufa nililia mpaka sauti ikaisha, na hata hiyo siku sikumwita. Sasa nimwite kwa sababu ya msitu?"

"Si kwa sababu ya msitu. Ni kwa sababu ya nyumba hiyohiyo aliyoilinda!"

"Mwanangu, mimi si mjinga. Najua utahamisha sisi."

Mimi! Nitawahamisha mimi! Nilitaka kumjibu, kisha nikaona kwamba hakuna mwingine aliyesimama pale siku ile na kalamu.

Njiani kurudi nilimlalamikia Waithaka mpaka Keringet. Mwanamke mgumu hivi sijaona. Aliendesha tu, halafu akasema, "Sisi pia, kule Olenguruone, walituambia tuweke kidole kwa karatasi, ndio tukae. Karatasi ilikuwa na masharti, mama akakataa. Watu walimwambia ni kidole tu." Nilimuuliza kama mama yake alijuta. Akasema hajawahi kumuuliza, na hatamuuliza.

Jumanne, 3 Juni. Kambini.

Mvua toka asubuhi. Bwana Pelling amecheza karata peke yake na ameshindwa.

Alhamisi, 5 Juni.

Naandika leo kwa sababu jana sikuweza.

Tulikutana kivukoni saa nne. Bwana Msitu alikuja na faili na askari wawili. Watu wa boma wote walikuwepo, hata wake za wana, wamesimama nyuma pamoja. Kogo Chelangat alikuwa amevaa vizuri, amejipaka mafuta. Nilipomwona hivyo nikajua hatalitaja. Mtu anayekwenda kusalimu amri havai namna ile.

Bwana Pelling aliweka ile fomu ya Machi juu ya boneti ya gari. "Mama, mto hii naitwa nani?"

Maji tu.

"Mama, mara ya pili. Mto hii naitwa nani?"

Kogo alikuwa ananitazama mimi, si yeye. Uso wake haukuwa na lawama, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi. Kipsang alikuwa ameuma kidole. Nikaomba moyoni, sema, sema mama, sema tu, sisi wote tutaziba masikio.

"Mara ya tatu na mwisho. Mto hii naitwa nani?"

Akafunga macho. Midomo yake ilitikisika, nikadhani sasa. Kisha akafungua macho, akatikisa kichwa polepole, na machozi yakamtoka. Bwana Msitu akafunga faili. Mke mmoja nyuma akaanza kulia.

"Hakutaja!" Nilisikia mtu akipiga kelele, na mtu huyo alikuwa mimi.

"Ndiyo, naona hakutaja," akasema Bwana Pelling.

"La, bwana. Siku ile. Tarehe ishirini na nane Machi. Hakutaja jina lolote. Mto huu ni Kiptalam, umekuwa Kiptalam kabla sijazaliwa, Kiptalam toka chemchemi mpaka hapa tunaposimama! Ainabkoi niliandika mimi. Mvua ilikuwa inanyesha, nikachoka, nikaandika jina nikamshika kidole. Fomu ile ni ya uongo."

Bwana Pelling akaichukua fomu. Si mjinga yule mzungu. "Wewe iliandika bila yeye kusema?"

"Niliandika neno ambalo si jina, bwana. Jina hakunipa."

Bwana Msitu akauliza kwa Kiingereza fomu ikiwa batili itakuwaje. Bwana Pelling akajibu, kama mtu anayesoma, kwamba mahali pasipo na fomu hutumika maandishi ya Serikali ya zamani kuliko yote. Maandishi hayo yalikuwa kwenye kifuko cha ngozi. Bwana Msitu akayasoma tena, akanung'unika, akaandika kitu kwenye faili, akawaambia askari waingie garini.

Nyumba haihami.

Bwana Pelling aliichana fomu vipande vinne, akaviweka mfukoni mwake, maana hatupi takataka porini. Aliponipita akasema chini chini, "Unajua mimi lazima andika ripoti." Nikasema najua. Akasema pole, na nadhani alimaanisha.

Jumamosi, 14 Juni. Nakuru.

Barua imefika. Nimeachishwa kazi kwa kuandika taarifa ya uongo katika kumbukumbu za ofisi. Miaka saba ya kazi. Nyumba ya ofisi niitoe tarehe thelathini. Zeddy ameisoma mara mbili, akaniuliza kama ninajuta. Nilisema ndiyo, kisha la, kisha nikamfokea kwa sababu ya paa, ambalo sasa si paa letu. Tutakwenda Njoro kwa mzee. Bwana mwenye shamba anatafuta mtu wa kupima magunia ya ngano.

Jumamosi, 21 Juni.

Kogo Chelangat amekuja, safari hii na Kipsang, na kibuyu cha maziwa ya mkaa, yale ya kugandishwa ya kwetu. Waithaka aliwachukua kituoni, naye akaja na nakala ya ramani mpya aliyopewa na Bwana Pelling aniletee, bila barua, bila neno. Niliitandika juu ya masanduku yaliyofungwa. Nilimwonyesha kogo: hapa Tanganyika, hapa mpaka, Mara, Amala, na hapa juu kwenye msitu, kwa herufi ndogo za mlazo, jina lake mzee. Sikulisoma. Zeddy pia alilitazama akanyamaza. Kipsang peke yake ndiye aliyelisoma, akirudia herufi moja moja.

Nilikuwa nangoja asante. Nasema kweli, baada ya yote haya nilikuwa naingoja, na nilikuwa nimeandaa jibu la unyenyekevu. Alikunywa chai yake yote. Akafuta mdomo.

"Siku ile kivukoni," akasema, "ulilitaja jina la mzee kwa kelele. Mbele ya askari. Mara tatu."

"Kogo, nilikuwa nawaokoa!"

"Najua. Lakini mzee hakuwa kiziwi. Siku nyingine ukija kwetu, litaje polepole."

Nimepoteza kazi, nimepoteza nyumba, kesho kutwa nakwenda kupima magunia ya mzungu, na bado nakaripiwa. Nilitaka kumjibu hivyo. Nilikuwa na maneno tayari. Lakini niliposikia ametamka "ukija kwetu", nililia mbele ya mke wangu na dereva na mtoto wa watu, nikasema ndiyo kogo, polepole, nitalitaja polepole.